Amri ya korti na kufuli la geti: kisa cha mlezi, baba yake na ploti ya Ruai

Kufuli lilikuwa la kawaida, la shaba, la kununuliwa hadiwea yoyote hapa Umoja, Nairobi. Lilifungwa upande wa nje wa geti, na Mzee alikuwa upande wa ndani, kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoazimwa. Nilimwamkia kupitia kwenye vyuma. Alitaka kuitikia, neno likakwama, akavuta pumzi, akajaribu tena. Mwishowe akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akaonyesha geti, akaonyesha nyumba, kisha akajigonga kifuani.

"Yangu," akasema.

Ufunguo alikuwa nao binti yake, kifungua mimba, ambaye saa hiyo alikuwa kazini mjini. Alikuwa pia na amri ya Mahakama Kuu inayomtaja kuwa mlezi wa baba yake na msimamizi wa mali yake. Kwake yeye, karatasi ile ndiyo iliyompa ufunguo ule.

Mara nyingi watu huniuliza mamlaka ya mlezi wa kisheria wa mtu mzima yanaishia wapi, na kila nikieleza kwa jumla naona macho yanaanza kusinzia. Ndiyo maana naandika kisa kimoja, mwanzo hadi mwisho. Familia imeniruhusu mradi nifiche yanayowatambulisha, kwa hiyo nimebadilisha mambo mawili matatu yasiyogusa kiini. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, katika kundi linalotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasomea watu karatasi ambazo tayari wanazo nyumbani.

Mzee na mali yake

Alifanya kazi ya reli hadi kustaafu. Mkewe alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita. Ana nyumba anayoishi Umoja, ana ploti Kayole yenye singo kumi na nne, yaani vyumba vya kupangisha kimoja kimoja, na ana kipande cha ardhi cha futi hamsini kwa mia kule Ruai alichokinunua kwa kiinua mgongo chake. Kila singo ni shilingi 4,500, kwa hiyo ploti ikijaa ni 63,000 kwa mwezi, kabla hujatoa pesa ya taka, maji na stima ya ngazini. Anayekusanya ni keateka, yaani mtunza ploti, mtu wa makamo aliyekaa na ploti hiyo miaka kumi na moja, na anaandika kila kitu kwenye daftari la jalada gumu ambalo pembe zake zimelika.

Kisha kiharusi kikampiga usiku mmoja. Kiligonga upande wa kushoto wa ubongo, na huo ndio unaotawala upande wa kulia wa mwili na, kwa watu wengi, usemi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakapotea. Madaktari huita hali hiyo afasia. Mtu anaweza kuelewa unachomwambia, akajua anachotaka kujibu, lakini neno lisiufikie ulimi, au lije jingine kabisa: anataka chai, anasema kiti. Majirani wakimsikia hivyo wanasema mzee ameruka akili. Hawasemi kwa ubaya, ila kosa hilo dogo ndilo lililozaa karibu kila kitu nitakachokisimulia.

Lakini tusimwonee binti. Tatizo hakulibuni. Hesabu za Mzee nazo ziliharibika kweli. Alimlipa fundi wa mabomba mara mbili kwa kazi moja. Wakora wa simu walimpigia wakajifanya polisi, wakasema mwanawe ameshikwa, naye akatuma pesa. Wiki tatu baadaye wakarudi kwa hadithi ileile, akatuma tena. Jumla 85,000. Mtu akiona baba yake anavuliwa hivyo, lazima atafute pa kushika.

Jinsi amri ilivyopatikana

Kwanza walitaka njia ya mkato: Mzee aweke kidole kwenye hati ya uwakilishi, binti awe anatia sahihi kwa niaba yake. Wakili akawaambia, na hapo alisema kweli, kwamba hati ya namna hiyo inaishi kwa akili ya aliyeitoa. Akishapoteza uwezo wa kuelewa, hati nayo imekufa, na huwezi kuipata kwa mtu ambaye unadai tayari haelewi. Ikabidi waende Milimani, Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyotungwa 1989 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2022.

Nilisoma ombi lao baadaye. Lilinakiliwa kutoka faili nyingine; ukurasa wa tatu palikuwa na jina la mgonjwa wa watu. Liliomba kila kitu kinachoweza kuombwa: atangazwe kuwa mtu asiye na akili timamu, asimamiwe mali, apewe mlezi. Ripoti ya daktari ilikuwa na mistari mitatu. Ndugu wawili waliweka sahihi ya kukubali. Kitinda mimba aliweka yake akiwa Mombasa, kwa simu, bila kufungua kiambatisho.

Nikae hapa kidogo, maana ndipo penye kiini. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo, kama kilivyotungwa 1989, kinataja mambo mawili yaliyotengana: usimamizi wa mali, na ulezi wa mtu mwenyewe. Kisha kinasema jambo ambalo watu wengi hawalifikii kwa sababu wamechoka kusoma. Mahakama ikichunguza na kukuta kwamba mtu hawezi kuendesha mambo yake lakini anajimudu yeye mwenyewe, wala si hatari kwake au kwa wengine, inaweza kutoa amri ya mali tu, pamoja na matunzo yake na ya wanaomtegemea, bila kutoa amri yoyote juu ya nani anamshika. Yaani tangu 1989, kabla ya lugha hii ya sasa ya haki za watu wenye ulemavu, sheria ilishajua kwamba mtu anaweza kushindwa na kitabu cha benki na asishindwe na maisha yake.

Mzee ni mtu huyohuyo. Anajivisha kwa mkono mmoja. Anajua ni siku gani ya wiki kwa sababu ya uji, nitaeleza. Anajua anampenda nani na hampendi nani. Kama wakili angeomba mali peke yake, sidhani kama leo ningekuwa na kisa cha kuandika. Aliomba vyote kwa kuwa fomu aliyonakili ilikuwa na vyote, na hakuna mwana familia aliyepinga.

Amri iliyotoka ina mambo manne. Binti awe msimamizi wa mali. Binti awe mlezi. Awasilishe orodha ya mali na madeni kwa mahakama na kwa Mdhamini wa Umma ndani ya miezi sita, halafu hesabu kila mwaka. Asiuze wala kuweka rehani ardhi bila ruhusa ya mahakama. Basi. Inajaa nusu ukurasa, na nusu nyingine ni mihuri.

Nilipokutana naye nilimwuliza ameisoma mara ngapi.

"Nilisoma jina langu," akasema. Tulicheka wote wawili, lakini alikuwa hatanii.

Ruai

Mgogoro wa kwanza ulikuwa wa ardhi, na huo sitauchelewesha kwa sababu jibu lake limeandikwa. Binti alipata mnunuzi wa ile hamsini kwa mia kwa milioni moja na laki nane, akapokea laki mbili za kufunga mazungumzo. Nia yake haikuwa mbaya: tiba ya mazoezi ya viungo ni ghali, na ploti ya Kayole ilikuwa na singo tatu tupu. Wakili wa mnunuzi akapekua, akakuta hati ina jina la Mzee, akauliza ruhusa ya mahakama iko wapi. Binti akamtumia amri. Wakili akamrudishia, jambo la nne limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Sheria hairuhusu msimamizi auze, atoe zawadi, abadilishane au aweke rehani ardhi ya anayemsimamia bila ruhusa maalumu, wala kuikodisha kwa zaidi ya miaka mitano. Hairuhusu pia anunue ardhi kwa pesa za mali hiyo bila idhini, wala kuziingiza kwenye biashara ambayo yeye mwenyewe ana fungu. Hilo la mwisho lilimtoa jasho, kwa sababu kodi ya miezi miwili, kama 120,000, ilikuwa imeingia kwenye saluni yake. Yeye aliita mkopo. Nilimwuliza aliyekopesha ni nani na aliyekopa ni nani, akanyamaza.

Aliyemfafanulia vizuri kuliko mimi ni keateka. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi lake, chini ya ngazi za ploti, na alikuwa akisikiliza kwa adabu ya mtu anayejifanya hasikilizi.

"Mama, samahani nikiingilia," akasema. "Mimi hapa nakusanya kodi, natoa notisi, nabadilisha koki. Mpangaji akilewa usiku, namtuliza. Lakini hata siku moja sijaamka nikaona ploti ni yangu. Na Mzee alikuwa ananiuliza hesabu kila tarehe kumi."

Binti alirudisha laki mbili za watu wiki ileile. Siku zijazo anaweza kuomba ruhusa ya kuuza, na akionyesha bei, sababu na mahali pesa zitakapowekwa, huenda akaipata. Mlango huo haujafungwa. Ila hauingiwi bila hodi.

Kufuli

Hapa ndipo penye utata wa kweli.

Kufuli lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwezi wa tano baada ya kiharusi Mzee alitoka peke yake, akapanda matatu kwenda Kayole kuona ploti yake, akashuka steji isiyo yake, akashindwa kuwaeleza watu anakokwenda. Alirudishwa saa tatu usiku na kijana wa bodaboda aliyemkuta na kitambulisho mfukoni. Hofu ya usiku ule bado iko usoni mwa binti akisimulia.

Ya pili hakuitaja mwanzoni. Kuna mama mmoja mjane wa kanisani, muuza nafaka soko la Burma, ambaye alikuwa akija Jumatano na Jumamosi na chupa ya uji wa wimbi. Anamsomea Mzee Zaburi, anamnyoa ndevu, wanakaa. Ndivyo Mzee anavyojua siku. Walianza kukaa hivyo kabla ya kiharusi, na pengine mngewahi kusikia habari ya posa kama mambo yangekwenda vingine. Binti anasema mama huyo anataka Ruai. Kitinda mimba, ambaye sasa amerudi Nairobi, anasema mama huyo ndiye mtu pekee anayemsubiri Mzee amalize sentensi.

Kufuli lilipowekwa, uji ukaanza kupitishiwa kwenye vyuma vya geti.

Je, mlezi anaweza kuchagua wageni wa mtu mzima? Niliisoma amri tena, neno kwa neno, mbele ya wote. Hakuna neno wageni. Hakuna neno ziara, kanisa, simu wala mapenzi. Binti akasema, "Lakini mlezi ni mlezi." Nadhani hapo Kiswahili chenyewe kilimponza. Neno mlezi tunalitumia kwa anayelea mtoto, na anayelea mtoto huamua mtoto acheze na nani. Ulezi wa mtoto kwa kawaida unakoma akifika miaka 18. Huu mwingine ni wa mtu ambaye amekwisha kulea, amejenga, amezika mke. Mahakama haikumrudisha utotoni. Iligundua mambo fulani yamemshinda, ikamwekea mtu wa kuyabeba hayo.

Katiba ya 2010 haimwachi nje. Kifungu cha 28 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, cha 29 kinakataza mtu kunyimwa uhuru kiholela, cha 54 kinataka mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na ambao kwa kifungu cha 2(6) ni sehemu ya sheria zetu, unakwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 12 kinasema mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kazi ya serikali ni kumpa msaada anaouhitaji ili autumie. Kwa hiyo kabla ya kumwamulia, jiulize kama umemsaidia kuamua.

Hotuba hiyo yote niliitoa sebuleni kwao, na nakiri haikumgusa binti hata kidogo. Kilichomgusa ni swali la kitinda mimba.

"Dada, moto ukizuka?"

Mtu wa mkono mmoja, asiyeweza kupiga nduru, ndani ya nyumba iliyofungwa kwa nje. Alinyamaza muda mrefu. Kufuli liliondoka jioni hiyo. Mahali pake kukawekwa kijana wa jirani wa kushinda naye mchana, analipwa kwa pesa ya kodi, na hilo ni matumizi halali kabisa ya mali ya Mzee. Sipuuzi hofu ya kupotea. Kufunga geti usiku kama kila nyumba ya Eastlands ni usalama. Kumfungia mtu mchana kutwa ili mgeni wake asiingie ni jambo jingine, hata kama kufuli ni lilelile.

Na posa? Hilo lilikuwa linamnyima binti usingizi, kwa hiyo tulilizungumza waziwazi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, na inasema ridhaa si ya hiari kama mtu, kwa sababu ya hali ya akili ya kudumu au ya muda, haelewi maana ya kinachofungwa siku hiyo. Kipimo ni kuelewa ndoa. Kujumlisha kodi hakumo. Hakuna mahali mlezi anapoingia kumkubalia au kumkatalia. Akiwa na shaka, ana haki ya kuweka pingamizi kama mtu mwingine yeyote, na ushahidi wake upimwe.

Nilimwuliza Mzee mwenyewe kama anataka kuoa. Alicheka, upande mmoja wa mdomo, mpaka machozi yakamtoka.

Yako mengine ya jamii hiyo. Wosia ni wa Mzee peke yake, kama ataonekana kuwa na akili ya kuuandika chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160; binti hawezi kumwandikia. Imani ni yake. Kura ni yake, na hapa lile ombi la kunakili nusura limponze: kifungu cha 83 cha Katiba kinamnyima kuandikishwa kupiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Familia iliomba tamko hilo bila kujua linabeba nini. Bahati nzuri jaji hakuliingiza kwenye amri.

Mtoto wa jicho

Katikati ya haya yote Mzee akapata mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto. Binti alimpeleka kliniki na amri ndani ya bahasha ya plastiki, akasaini fomu ya upasuaji, akaisukuma mezani. Daktari wa macho, mwanamke kijana, akaisoma amri, akaisoma fomu, akaigeuza kuelekea kwa Mzee.

"Baba, wewe unasemaje?"

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu. Hapana. Binti akainua mikono, kama kusema mnaona sasa.

Daktari hakubishana na yeyote. Alitoa jicho la plastiki kwenye droo, lile la kufundishia, akalifungua, akatoa kilensi kidogo, akakiweka kwenye kiganja cha Mzee. Akamziba jicho moja kwa mkono wake, akamwonyesha kalenda ya ukutani. Akaziba jingine, akamwonyesha tena. Kitinda mimba akachora kwenye karatasi: jicho linabaki, kilensi kinabadilishwa. Kumbe Mzee alidhani watamng'oa jicho. Dakika kumi na tano, pengine ishirini. Kisha Mzee akavuta fomu mwenyewe na kuuliza, kwa kidole, wino uko wapi.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo na aridhie mwenyewe. Mtu mwingine mwenye mamlaka ya kisheria huingia pale mgonjwa asipoweza kuridhia, na hapo ndipo amri ya mlezi ina kazi, kwa mfano Mzee akiletwa hospitali amezimia. Amri ile ni ya akiba. Binti aliitoa kama ni ya kwanza, na sidhani alikosea kwa kiburi. Mapokezi mengi yangeikubali bila kumtazama Mzee.

Kurudi Milimani

Mwishowe walikubaliana kurudi mahakamani, binti akiwa mwombaji pamoja na mdogo wake, kuomba amri ifafanuliwe. Orodha ya mali ilikuwa imechelewa kwa miezi minne na akaieleza hivyo bila kuipaka rangi. Jaji akataka Mzee aletwe, asiwakilishwe kwa ripoti.

Swali moja nalikumbuka. Daftari la keateka lilikuwa miongoni mwa vielelezo, na jaji akaomba Mzee apewe, aulizwe ni nini. Mzee hakujibu kwa mdomo. Alianza kulifungua kwa mkono wa kushoto, ukurasa baada ya ukurasa, polepole mno hata karani akatazama saa. Akasimama kwenye mwezi uliopita, akateremsha kidole hadi nyumba namba tisa, akakipiga kidole pale.

"Hajalipa," akasema. Ilikuwa kweli. Miezi miwili.

Jaji akamwuliza jumla ya mwezi ni ngapi. Mzee akatazama tarakimu muda mrefu, akasema "kumi", akajua amekosea, akafunga daftari. Sijawahi kuona mpaka wa uwezo wa mtu ukionekana waziwazi hivyo. Anajua nani anamdai nani. Kujumlisha kumemtoka.

Binti aliachwa kuwa msimamizi wa mali. Akaamriwa afungue akaunti ya peke yake kwa kodi, arejeshe zile 120,000 kwa awamu, na Mzee apewe 3,000 kila wiki za matumizi yake asizoulizwa amefanyia nini. Ulezi ulibaki, lakini ukafasiriwa: kuratibu matibabu na matunzo kwa kushauriana naye, kitinda mimba akiwapo kumsaidia kuwasiliana, na hakuna mgeni wa kuzuiwa bila kurudi mahakamani.

Mimi ningeenda hatua moja zaidi. Mtu aliyekipiga kidole kwenye namba tisa alitosha kuangukia kile kipande cha kifungu cha 26, cha amri ya mali bila amri ya mtu, na ulezi ungeondolewa kabisa. Wakili wa familia haoni hivyo. Anasema hospitali zitamsumbua binti akikosa karatasi siku ya dharura. Ana hoja. Marekebisho ya 2022 yameleta nafasi ya msaidizi wa mgonjwa anayemsemea anachotaka, na nadhani ndiyo njia tutakayoizoea, ingawa mapokezi bado wanauliza "mlezi ni nani?"

Limebaki jambo la ushago. Binti angependa Mzee ahamie kijijini, kuna hewa na kuna shangazi. Mzee anasema hapana, kwa neno lenyewe, hilo halimkwami. Amri haisemi aishi wapi. Nimewaambia kwamba maadamu Umoja ni salama na pesa ya kumtunza hapo ipo, sioni binti atamhamisha kwa mamlaka gani. Ikiwa matunzo yatashindikana kabisa, waende na hesabu mezani waombe mwongozo.

Aliniuliza pia, kwa sauti ya chini, ikiwa baba yake atafariki itakuwaje. Nilimwambia siku hiyo amri inakufa naye. Hataendelea kukusanya kodi kama mlezi. Itabidi mahakama iteue wasimamizi wa mirathi, na anayegusa mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa chini ya Sura ya 160, faini hadi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Aliandika hilo kwenye simu yake, akaongeza alama tatu za mshangao.

Nilipita Jumatano iliyopita. Geti lina kufuli bado, lilelile la shaba, ila sasa linafungwa kwa ndani. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari uliopigwa kushoto mwa mlango, chini kidogo, pale mkono wa Mzee unapofika. Yule mama wa Burma alikuwa ameshaingia na chupa yake. Binti alikuwa jikoni siku hiyo, likizo. Hakuja kumsalimia, ila alitoa vikombe vitatu.